Swali Lisiloulizwa kwa Mama

Kazi ya kuumwa niliipata Kikwe, nikiwa mzima kabisa, nimeshika jembe.

Nilikuwa napalilia shamba la mama mmoja wa Kimeru aliyenipa chumba nyuma ya nyumba yake. Kabla ya hapo nilikuwa mpishi wa wapagazi wa mlimani, na kabla ya hapo nilifungasha maua kwenye mabanda ya plastiki njia ya Usa. Kwetu ni Korogwe, ambako niliacha shule darasa la sita kwa sababu ambazo wakati ule niliziona kubwa. Sikai mahali. Watu huniuliza natafuta nini. Naona tu kwamba kila kazi ina mambo yake ya ndani ambayo mtu wa nje hayajui, na nikishayajua miguu huanza kuniwasha.

Siku hiyo likaja gari la chuo cha udaktari cha mjini, likashusha wanafunzi wenye makoti meupe katikati ya vumbi. Walikuwa kwenye utafiti wa maji. Sehemu nyingi kuuzunguka Mlima Meru maji yana madini yanayoyafanya meno ya watoto kuwa ya kahawia tangu yanapoota, na mtu akiyanywa miaka mingi hupinda hata mifupa. Walitaka kuonyeshwa visima. Mwenye shamba aliona uvivu wa kutembea juani, akanitoa mimi.

Nilizunguka nao mpaka alasiri, nikiwauliza maswali njia nzima. Kwa nini kisima hiki na kile, ambavyo ni jirani, maji yake yasiwe sawa? Kwa nini wanawauliza akina mama kama wanapikia maharage magadi? Kwa nini maji yanawekwa kwenye chupa za plastiki na si za kioo? Wanafunzi walijibu, walipochoka wakaniachia mwalimu wao, daktari mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini, ambaye hakuchoka. Tulipoagana aliniambia kwamba chuo kinahitaji watu wa kuigiza wagonjwa kwenye mitihani, watu wenye kumbukumbu nzuri na wasiokuwa na aibu ya kuzungumza. Nikamuuliza wagonjwa wa kweli wameisha? Akacheka, akasema wagonjwa wa kweli hawawezi kusimulia maumivu yaleyale kwa wanafunzi ishirini mfululizo bila kuchoka.

Wiki iliyofuata nilikuwa nimepanga chumba mjini, Daraja Mbili.

Nataka kueleza kazi yenyewe, maana watu wengi hawaamini kwamba ipo. Mtihani wa vitendo wa madaktari unafanyika kwenye vyumba vidogo vilivyopangana, vinavyoitwa vituo. Kila chumba kina mgonjwa mmoja na mtahini mmoja anayekaa pembeni kimya. Kengele ikilia, mwanafunzi anaingia, anasalimia, anauliza, anapima, anasema anachofikiri, kengele inalia tena, anatoka, anaingia mwingine. Mimi nabaki kitandani. Asubuhi nimepewa maelezo ya ugonjwa wangu, nimeyashika kichwani: naumwa wapi, tangu lini, nina watoto wangapi, nakaa wapi, naogopa nini. Maelezo hayo yana sehemu mbili. Ya kwanza ni yale ninayoyasema mwenyewe mwanafunzi akiniuliza nimekuja kwa tatizo gani. Ya pili ni yale ambayo siyasemi mpaka niulizwe. Mwalimu alitusisitizia sehemu hiyo ya pili kuliko kitu kingine chochote. Usitoe usichoulizwa. Usimsaidie mtu kwa macho, wala kwa kukohoa. Na ukiulizwa, jibu kama mgonjwa angejibu.

Niliipenda kazi ile tangu siku ya kwanza. Nimekuwa na vidonda vya tumbo, nimekuwa na kisukari, nimekuwa mjane asiyepata usingizi. Jioni nilikuwa namfuata mwalimu koridoni kumuuliza ule ugonjwa wangu wa leo unatokana na nini hasa, na kwa nini miguu ya mgonjwa wa kisukari inakufa ganzi wakati tatizo ni sukari. Alikuwa anatembea huku ananijibu mpaka tunafika getini.

Wanafunzi niliwaonea huruma. Wanasoma kila kitu kwa Kiingereza miaka mitano, halafu wanaletewa mtu wa Daraja Mbili anayeumwa kwa Kiswahili. Kuna kijana nilimwambia chembe ya moyo inaniuma, akachukua kipimo chake akanisikiliza moyo mbele, nyuma na ubavuni, jasho likimtoka, wakati mimi nilikuwa nazungumzia pale juu ya tumbo, mbavu zinapoishia. Nilitamani kumshika mkono nimwekee panapouma. Haikuruhusiwa. Nilibaki nimelala, namwangalia anavyouhangaikia moyo wangu usiokuwa na kosa lolote.

Mwanafunzi ninayetaka kusimulia habari zake aliingia chumbani kwangu kwenye mtihani wa mwisho wa mwaka wa tano. Alikuwa mrefu, mwembamba, koti likiwa fupi mikononi. Mwarusha wa upande wa magharibi wa mlima, wa kwanza kwao kufika chuo. Alisimama mlangoni kidogo, akainamisha kichwa, akasema, "Shikamoo, yeyo."

Neno yeyo nilikuwa nimeshalizoea sokoni. Ni mama kwa Kimaasai, ambacho ndiyo lugha ya Waarusha pia, na akina mama wa makamo huitwa hivyo na kila kijana anayetaka kupunguziwa bei. Nikaitikia.

Siku hiyo nilikuwa mwanamke mwenye maumivu ya tumbo la chini upande mmoja, yaliyoanza asubuhi, na kizunguzungu. Yale ya kusubiri kuulizwa yalikuwa mawili: siku zangu zimechelewa, na situmii uzazi wa mpango. Kijana alinawa mikono. Alisugua viganja vipate joto kabla ya kunigusa, jambo ambalo wengi hawalikumbuki. Akauliza homa, akauliza chakula, akauliza choo, akauliza mkojo. Kisha nikaona amefika mahali. Mdomo ulifunguka, ukafungwa. Akaitazama dari. Mwishowe akasema, "Na mambo mengine yote ni salama, yeyo?"

Nikajibu kama mwanamke yeyote angejibu. "Salama tu, baba."

Alishusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo. Akaniandikia dawa za UTI, akaniambia ninywe maji mengi, akanitakia afya njema.

Jioni mwalimu aliniambia kwamba mgonjwa wa kijana yule alikuwa na mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi, na kwa dawa zile na maji yale mengi angekufa kabla jua halijazama. Hakusema kwa hasira. Alisema yule ni kijana mzuri kuliko wengi, anajua vitabu, wagonjwa wanampenda wodini, na ana shimo moja tu, nalo ni hilo. Amefeli kituo changu na kingine kama hicho. Atafanya mtihani wa marudio, ule ambao wanafunzi wanauita sapu. Akifeli tena, anarudia mwaka mzima.

Kijana mwenyewe alinieleza baadaye kwamba kurudia mwaka kwake hakupo. Usharika wa kwao na ukoo mzima walikuwa wamemchangia mpaka mwaka wa tano, na hakuwa na uso wa kwenda kuwaambia bado mmoja. "Nikifeli narudi kuchunga," alisema, wala hakuwa anatania.

Mwalimu alipanga mazoezi kwa wote waliokuwa na sapu, mimi nikiwa mmoja wa wagonjwa. Hakuna aliyejua mtihani utakuwa na ugonjwa gani. Tulifanyia kwenye chumba cha mazoezi, penye midoli ya plastiki ya kufundishia: kifua kisichokuwa na kichwa, mkono wa kuchoma sindano, na nyonga ya mwanamke iliyokaa peke yake juu ya meza. Nilimkuta kijana mbele ya ile nyonga, anaiuliza. Siku zako huja kila baada ya muda gani? Zinakaa siku ngapi? Unapokutana na mume wako unasikia maumivu? Kila kitu, kwa ufasaha, sauti imetulia. Nilipovuta kiti nikakaa badala ya ule mdoli, akaniuliza kama nimekula.

"Mwenzangu wa plastiki umemuuliza mpaka ya chumbani," nikamwambia. "Mimi unaniuliza ugali?"

Alicheka kwa aibu, akajaribu tena, ikashindikana. Akaanza kunieleza. Kwao, kijana akishatoka jandoni kuna mambo hayatamki mbele ya mama yake, wala mbele ya mwanamke yeyote aliye rika la mama yake. Hakuna aliyemfundisha kwa maneno, ndivyo alivyokua. Wasichana wa umri wake anaweza kuwauliza bila shida. Wanawake kama mimi, maneno hayamtoki.

Nikamwambia labda kosa linaanzia kwenye salamu. Akishaniita yeyo amejifungia mlango mwenyewe. Aniite kitu kingine. Akaniuliza aniite nani.

"Dada."

Hapana, hiyo ni kunivunjia heshima, mimi ni wa umri wa mama yake. Nikasema basi mama. Akasema mama ni yeyo aliyevaa shati lingine. Shangazi? Akafunika uso kwa mikono, shangazi ni afadhali afeli. Kisha akainua kichwa, macho yamemng'aa.

"Labda nikuite koko."

Nilisimama. Kwetu Korogwe koko ni mmoja tu, mbwa asiyekuwa na mwenyewe, anayekula jalalani na kupigwa mawe na kila mtu. Nilikuwa nimeacha kazi za maana kuja kumsaidia mtu huyu.

"Koko ni wewe," nikamwambia. "Koko ni wewe na aliyekutuma."

Hakuelewa. Nilipokuwa nachukua mkoba wangu ndipo akaelewa, akaruka kati yangu na mlango, mikono juu kama aliyeshikwa na polisi. "Koko ni bibi kwa Kimaasai. Bibi tu. Bibi mzaa mama, bibi mzaa baba. Nakuapia, mama."

Nikakaa. Nilikuwa nimetukanwa mara ya kwanza, sasa natukanwa mara ya pili, maana sina mtoto hata mmoja, nina nywele nyeusi, na mtu ananifanya bibi. Lakini yeye alikuwa ameshaanza kunisimulia habari za koko wake, naye alikuwa mtu mwingine kabisa. Koko ndiye aliyemlea mpaka akaanza shule. Koko alikuwa anamwita "mume wangu", na yeye alikuwa anamgombeza kwamba chai nzuri anawapikia wazee wengine. Koko alimuuliza habari za wasichana, naye alimuuliza koko habari za ujana wake, na hakuna kilichokatazwa. Hata kwetu ni hivyo. Bibi na mjukuu ni watani, wanaambiana mambo ambayo mama akiyasikia anatoka nje.

"Haya," nikasema. "Niite koko. Lakini humu ndani tu."

Mlango ulifunguka kweli. Maswali yalimtoka kama maji ya bomba. Siku zangu, mimba zangu, damu, mume wangu, yote. Siku ya tatu ya mazoezi aliuliza vizuri mpaka akaanza kutia chumvi. "Koko, na mzee naye bado anakusumbua usiku, au amestaafu?" Nilicheka mpaka mwalimu akachungulia kujua kuna nini. Alipoelezwa alicheka naye, kisha akawa makini. Alimwambia kijana mbinu hiyo ni ya kujifunzia tu. Kwenye mtihani hakutakuwa na bibi wa mtu, kutakuwa na mgonjwa, na mgonjwa ana jina. Ajizoeze kuuliza bila hilo neno. Akajizoeza. Alipoliacha, kigugumizi kilirudi kidogo, si kama mwanzo. Tuliachana hapo, kila mmoja ana wasiwasi wake.

Asubuhi ya sapu nilipewa ugonjwa wangu. Mama wa miaka arobaini na minne, mkulima, anaumwa kiuno kwa miezi kadhaa, anachoka. Hayo ndiyo ya kusema. Ya kusubiri: anatokwa na damu nje ya siku zake, na damu hiyo huja hasa baada ya kukutana na mume wake. Pembeni mwalimu alikuwa ameongeza maneno kwamba kwenye swali hilo la mwisho nisijibu haraka. Ninyamaze kwanza, kama mtu anayepima kama amwamini huyu aliye mbele yake.

Nilimuuliza ni ugonjwa gani. Akaniambia ni dalili ya saratani ya mlango wa kizazi, na kwamba wanawake wengi wanafika hospitali wamechelewa kwa sababu wanasema kiuno, na wanatibiwa kiuno.

Mtahini wa chumba changu alikuwa mgeni, daktari mwanamke mtu mzima kutoka Pwani, aliyealikwa kama chuo kinavyoalika watahini wa nje. Alinipa pole ya kuumwa kama vile naumwa kweli. Nikampenda.

Wanafunzi wawili waliingia wakatoka. Kengele ya tatu ikalia, akaingia yeye.

"Shikamoo, mama." Alijitambulisha, akaomba ruhusa, akaniuliza anaweza kuniita kwa jina gani. Vizuri sana. Nikampa jina la mgonjwa. Akauliza kiuno: kinauma wapi, kinaenda mguuni, kinazidi nikiinama? Akanipima mgongo. Akauliza mkojo. Nilimwona anakikaribia kile kizingiti, na miguu ikakataa. Akavuta hewa. Akawa ananitazama, lakini nadhani hakuwa ananiona mimi.

"Koko," akasema.

Upande wa mtahini kalamu ilisimama. Sikugeuza shingo lakini nilisikia, maana ilikuwa inakwaruza karatasi tangu asubuhi. Mtu wa Pwani. Nilijua kabisa kichwani mwake sasa hivi kuna mbwa gani.

Nilikuwa na muda mdogo sana wa kufikiri, na nilifikiri jambo moja tu: huyu mama mkulima wa miaka arobaini na minne, anayechoka, anayetoka damu na kuogopa kumwambia mtu, akiitwa bibi na daktari kijana atafanya nini? Hangelipitisha neno hilo. Hata kama kulipitisha kungemsaidia kijana, yeye hangelipitisha.

"Mimi bibi yako?" nikauliza.

Alishtuka. Alitambua alichokisema. Nilidhani atatoka mbio au ataniuliza kama nimekula. Badala yake alivuta kile kiti cha daktari ambacho mpaka hapo alikuwa hajakikalia, akakaa, uso wake ukawa sawa na wangu.

"Nisamehe," akasema. "Kwetu bibi ndiye mtu anayeulizwa kila kitu, na mimi nina swali gumu. Naomba nikuulize kama daktari wako."

Nikamwambia uliza.

Akauliza kama damu inatoka nje ya siku zangu. Nikakubali. Akauliza, polepole, macho yake kwenye mikono yake mwenyewe, kama inatoka baada ya kukutana na mume wangu.

Nikanyamaza kama nilivyoagizwa. Wale wawili waliotangulia, mmoja hakufika hapo kabisa, na wa pili aliponiona kimya alijaza nafasi hiyo na maneno, akarudia swali kwa namna tatu tofauti mpaka mgonjwa wangu akajifunika. Huyu hakujaza. Alikaa. Nadhani mtu aliyekulia nyuma ya ng'ombe anajua kukaa na ukimya bila kuuogopa. Aliniacha mpaka nikamaliza kunyamaza.

"Ndiyo," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa. Akaniuliza kama kuna mtu mwingine nimemwambia. Swali hilo halikuwemo kwenye maelezo yangu. Nikajibu kama mama yule angejibu, kwamba hakuna, wewe ndiye wa kwanza. Alikuwa anaanza kunieleza kwamba anataka nipimwe mlango wa kizazi, na kwa nini, kengele ikalia. Hakumaliza. Alisimama, akashukuru, akatoka bila kusema jina la ugonjwa aliokuwa anaufikiria.

Kabla mwingine hajaingia mtahini alinisogelea. Kila mgonjwa wa kuigiza naye anatoa maoni yake, na swali letu huwa moja: huyu angekuwa daktari wako, ungerudi kwake? Lakini kwanza alitaka kuelewa. Alisema amesikia kijana ananiita koko, akashika meza asimfukuze chumbani, halafu akanisikia mimi najibu habari za bibi, na hapo akapotea kabisa. Nikamweleza. Nikamwambia pia kwamba mimi mwenyewe nilishachukua mkoba niondoke kwa sababu ya neno hilohilo. Aliziba mdomo kwa kiganja, mabega yakamtikisika.

"Na ungerudi kwake?"

Nilifikiri. Sikutaka kumpa zawadi. Alikuwa amechelewa kufika kwenye swali, amepoteza muda mgongoni, hakumaliza.

"Ningerudi," nikasema. "Lakini ningemwambia asinizeeshe."

Aliandika. Aliandika nini zaidi ya hayo sikuona, wala si kazi yangu kuona.

Matokeo yalikawia. Siku yalipotoka mwalimu alinipigia simu, akaniambia kijana amepita, kwa chupuchupu kwenye kituo changu na vizuri kwenye vingine. Nilifurahi peke yangu chumbani kama mtu aliyefaulu yeye.

Hadithi ningeimalizia hapo kama kijana mwenyewe hangenipigia. Ilikuwa Jumamosi, nimeshaanza kibarua kingine cha kupanga parachichi kwa mama mmoja wa Tengeru. Aliniomba nifike hospitali pale wanakofanyia mazoezi. Sauti yake haikuwa ya mtu aliyefaulu. Nilimkuta nje ya jengo la wagonjwa wa nje, amevaa shati la kawaida. Alionyesha kwa kidevu benchi la mbali, alipokaa mwanamke wa makamo mwenye shuka begani na mkoba mapajani, mgongo umenyooka.

Ni mama yake. Amekuwa akilalamika kiuno tangu mwaka jana, na anachoka, na amekonda. Amemleta leo. Lakini kijana anajua mama atakachokifanya mbele ya daktari: atasema kiuno, ataulizwa mambo mengine, atasema salama tu, watampa dawa za kiuno. Nikamwambia si wewe sasa ni daktari, umeshauliza maswali hayo, umeulizwa na watahini, umepita?

"Wewe si mama yangu," akasema.

Akaniomba nikae na mama yake, nimuulize mimi, mwanamke kwa mwanamke, kisha nimwambie yeye jibu. Mimi si daktari wala muuguzi. Lakini swali nalijua.

Nikaenda benchini. Nikamwamkia, akaitikia kwa Kiswahili cha taratibu, cha mtu aliyekijifunza sokoni na kanisani. Nikamwambia namfahamu mwanawe. Tukazungumza mvua na mahindi. Kisha nikamweleza ukweli wote, maana sikuona njia ya kuzunguka: kwamba kuna swali kuhusu mwili wake ambalo mwanawe anataka alijibu, na ameshindwa kumuuliza, na amenituma mimi.

Aliniangalia. Halafu akaangalia kule alikosimama mwanawe, aliyejifanya anasoma tangazo la chanjo ukutani.

"Nilijua ana kitu," akasema. "Tangu Krismasi ananizunguka kama ndama anayetafuta chumvi. Yeyo umekula, yeyo umelala, yeyo kiuno. Mimi namngoja tu."

Nikamuuliza kama mimi naweza kumuuliza badala yake. Alikataa kwa kidole.

"Aje mwenyewe. Daktari gani anatuma watu?" Aliinama karibu na sikio langu, na kicheko kilikuwa kimeshaanza kumpanda kooni. "Huko alikotokea ndiko anakoogopa kuuliza?"

Nikaenda kumwita. Sikumwambia maneno ya mama yake, nilimwambia tu kwamba anamtaka yeye. Alitembea ule mwendo mfupi kama mtu anayevuka mto asioujua kina chake. Akataka kubaki amesimama, mama akapigapiga benchi kwa kiganja, akakaa. Waliongea Kimaasai. Mimi nilikuwa hatua chache tu, na kwa tabia yangu ningesogea, lakini lugha ile siijui, nikabaki kuangalia. Yeye alizungumza kidogo, kichwa chini. Mama alijibu maneno machache, bila kunong'ona, kama anataja idadi ya mbuzi. Kisha kijana akauliza tena, na tena, na kila swali sauti yake ilikuwa inapata uzito.

Waliposimama, mama alitangulia. Yeye alimfuata nyuma amemshikia mkoba, wakapita dirisha la wagonjwa wa mifupa bila kusimama, wakaenda kupanga foleni kwenye kliniki ya wanawake.